Risasi Haina Risiti

Septemba 9, 2022, Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, lilikubali ombi la benki moja ya New York iitwayo Amalgamated, benki iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo mwaka wa 1923. Benki hiyo ilitaka maduka ya bunduki ya Marekani yapewe nambari yao katika mfumo wa kadi za malipo. Kila mfanyabiashara anayepokea kadi hupewa na benki yake nambari ya tarakimu nne inayotaja aina ya biashara yake: 5411 ni duka la vyakula, 5912 ni duka la dawa. Muuza bunduki hakuwa na yake. Alihesabiwa pamoja na wauzaji wa mipira na mahema, au akaingizwa katika fungu la mengineyo. Sasa alipata nambari 5723.

Waliolipigania jambo hilo walikuwa na kisa mkononi. Mtu aliyewaua watu 49 katika klabu ya usiku mjini Orlando, Juni 2016, alikuwa ametumia zaidi ya dola 26,000 kwa kadi zake katika siku 12 zilizotangulia, akinunua bunduki na risasi. Kampuni za kadi ziliona kiasi, hazikuona dalili. Waliopinga wakajibu kwamba kampuni hizo zingekuwa zinaandika daftari la wenye bunduki, ilhali sheria ya Marekani ya mwaka wa 1986 inaikataza serikali ya shirikisho kuwa na daftari kama hilo. Machi 2023 Visa na Mastercard zikasitisha mpango. Majimbo yakagawanyika: Florida na Texas zikaipiga marufuku nambari hiyo, California ikaamuru maduka yote yawe nayo kufikia Mei 1, 2025. Na hata inapotumika, 5723 husema tu mtu aliingia duka la namna gani. Bunduki, koti la mvua na kufuli la kabati la silaha vyote huonekana sawa.

Ugomvi huo wa Wamarekani unasimama juu ya kitu kimoja: duka. Kuna mlango, kuna kaunta, kuna mashine ya kadi na risiti. Lakini pesa zinazonunua silaha katika nchi ambayo bunduki hazipiti dukani zinafuatiliwaje, na anayefuatiliwa hasa ni nani? Ukitaka jibu la Kenya, nenda Kitale, ufike Kipsongo.

* * *

Kipsongo ni mtaa wa mabanda katika mji wa Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia. Wengi wa waliouanzisha walikuwa Waturkana waliopanda kutoka nyanda kavu za kaskazini, kwa barabara inayopita Kainuk, Ortum na Makutano, wakikimbia vitu viwili vilivyofuatana: ukame na wavamizi. Mfugaji aliyenyang'anywa ng'ombe na mbuzi wake wote kwa mtutu wa bunduki hana cha kurudia. Alikuja Kitale, mji wa mahindi, akatafuta kibarua, wanawake wakafagia nafaka zilizomwagika sokoni, watoto wakaokota vyuma chakavu. Mtaa huu, kwa sehemu kubwa, ulijengwa na bunduki. Ndani yake hakuna duka hata moja linaloziuza.

Silaha zilizowafukuza zina historia inayojulikana vizuri. Utawala wa Idi Amin wa Uganda ulipoanguka mwaka wa 1979, wanajeshi wake walitoroka kambi ya Moroto, ng'ambo ya mpaka, na wafugaji wa Kikaramoja wakaivunja ghala ya silaha. Wapokot na Waturkana wakajikuta jirani zao wana bunduki za kisasa, nao wakatafuta zao. Vita vya Sudan Kusini vikaongeza mkondo. Kuanguka kwa serikali ya Mengistu kule Ethiopia mwaka wa 1991 kukaongeza mwingine. Katika biashara hiyo yote, sarafu ilikuwa ng'ombe. Bei ya bunduki ilipanda na kushuka kwa idadi ya mifugo, na aliyekuwa akinunua hakuandikwa popote.

Upande wa pili kuna bunduki halali, na hiyo ni dunia nyingine kabisa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka raia awe na cheti, na Bodi ya Leseni za Silaha humchunguza kabla ya kumpa. Desemba 2018 serikali iliwaagiza wote waliokuwa na vyeti wakaguliwe upya. Mwenye bunduki halali Kenya ni mtu ambaye serikali tayari ina picha yake, alama za vidole vyake na nambari ya silaha yake. Small Arms Survey, taasisi ya utafiti yenye makao Geneva, ilikadiria kwamba mwaka wa 2017 raia wa Kenya walikuwa na silaha zipatazo 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa zaidi kidogo ya 8,000.

Tazama pengo hilo. Nambari kama 5723 ikiletwa Kenya kesho itawafuata wale walio upande wa 8,000, watu wenye kadi za benki, ambao wameshajaza fomu za kila aina. Zile 742,000 hazitaonekana. Ndiyo maana nasema mjadala wa kadi, ukiuchukua kama ulivyo, hautusaidii. Sisi hatulipi kwa kadi. Tunatuma.

* * *

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu ya kampuni ya Safaricom, ilianzishwa Machi 2007. Leo mama anayeuza mboga Kipsongo, ambaye hajawahi kukanyaga benki, ana kumbukumbu ya fedha iliyo kamili kuliko ya tajiri wa miaka ya themanini. Kila anapotuma, kupokea, kuweka au kutoa, hubaki jina, nambari, kiasi, tarehe na saa. Karo imekwenda shule gani. Zahanati gani imelipwa, na siku gani. Mchango wa chama, sadaka ya kanisa, mkopo wa Fuliza uliochukuliwa usiku wa manane, shilingi 300 alizotumiwa na mtu ambaye mumewe hamjui. Chukua miezi sita ya taarifa hizo uzisome polepole, utajua mengi kumhusu kuliko anayojua chifu wake, na pengine kuliko anayojua dada yake.

Na kumbukumbu hiyo haiko Safaricom tu. Sehemu yake iliandikwa katika kitabu cha wakala. Kwa miaka mingi kila aliyetoa pesa alionyesha kitambulisho, na wakala aliandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi, kisha mteja akatia sahihi. Kitabu kililazwa wazi juu ya kaunta. Aliyefuata kwenye foleni akiinamisha kichwa alisoma kila kitu. Juni 2021 Wakenya wengi waligundua, kwa kuangalia mtandao wa serikali, kwamba wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa wasivyovijua. Malalamiko yakamiminika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ofisi iliyokuwa haijatimiza hata mwaka. Watu walijiuliza majina na nambari za vitambulisho vyao vimetoka wapi, na wengi wakavinyooshea kidole vitabu vile vya wakala. Safaricom baadaye ilianza kuficha baadhi ya tarakimu za simu ya mteja anayelipia bidhaa dukani. Ni hatua ninayoisifu bila kusita, maana wanawake wengi walikuwa wakisumbuliwa kwa simu na watu waliozipata nambari zao kwa njia hiyo tu.

Sasa mweke mnunuzi wa bunduki ndani ya mfumo huu. Anatuma pesa kwa mtu. Ujumbe unasema kiasi fulani kimetumwa kwa fulani. Hakuna nambari ya aina ya biashara, kwa sababu hakuna biashara iliyosajiliwa. Kiasi chenyewe hakitoi siri, kwani bunduki huku ilihesabiwa kwa ng'ombe tangu mwanzo: pesa zinazoweza kununua silaha ni zile zile zinazonunua fahali. Mwelekeo nao hautoi siri. Fedha zinazotoka Kitale kwenda Kainuk, au Chepareria kwenye soko kubwa la mifugo la Pokot Magharibi kwenda Lodwar, ndizo fedha za kila mchuuzi wa mbuzi na kila kijana wa Kipsongo anayemtumia nyanya yake unga. Mashine ikiambiwa itoe kengele kila pesa zinapopita njia hiyo, itawatolea kengele wafugaji wote na jamaa zao wote. Mfanyabiashara wa silaha mwenye akili atakuwa amelipa kwa noti mkononi, au kwa ng'ombe.

Kuna tatizo jingine ambalo watu wa ofisini hawalioni kwa urahisi. Kanuni zinataka kila laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho. Lakini Kenya ina watu wengi, hasa waliotoka kaunti za mipakani, ambao wamehangaika miaka kupata kitambulisho, na asiyekuwa nacho hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shangazi, jirani au mwajiri. Mtu akiombwa amsajilie mwenzake laini, husajili, maana kumkatalia ni kumfungia nje ya kila kitu: mshahara, karo, dawa. Halafu laini hubadilisha mikono. Siku fedha za haramu zikipita humo, nyayo haziishii kwa muuza bunduki. Zinaishia kwenye mlango wa mama aliyetoa kitambulisho chake kwa huruma, na ndiye atakayekaa rumande akieleza.

* * *

Sitaki nionekane nasema kumbukumbu za pesa hazina kazi. Zina kazi, na kisa cha DusitD2 kinaionyesha. Januari 15, 2019 magaidi wa al-Shabaab waliivamia hoteli hiyo Nairobi, wakaua watu 21. Wapelelezi walizifuata simu na M-Pesa. Hati za mashtaka zilidai kwamba wakala mmoja alikuwa na akaunti 52 za uwakala, 47 kati ya hizo zikiwa zimefunguliwa katika miezi mitatu ya mwisho ya 2018. Meneja wa tawi la benki alifikishwa mahakamani kwa madai ya kutoripoti utoaji wa pesa uliotia shaka. Juni 2025 Mahakama Kuu iliwafunga watu wawili miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia magaidi kwa fedha na vitambulisho bandia.

Angalia kilichofanyika hapo. Kosa lilikuwa limetendeka, washukiwa walikuwa na majina, nambari za simu zilijulikana, na rekodi zikaletwa mbele ya jaji zikahojiwa na mawakili wa utetezi. Akaunti 47 katika miezi mitatu ni jambo ambalo kampuni na benki zingeweza kuliona zenyewe bila kupekua mfuko wa mtu yeyote Kipsongo: lilikuwa jambo la wakala, mwenye mkataba na mwenye leseni. Hapo ufuatiliaji una shabaha. Kinachonitisha ni ule usio na shabaha, unaoanza kwa kumkusanya kila mtu ndipo umtafute mhalifu ndani ya lundo.

Kaunti ya Bungoma inaujua ufuatiliaji wa namna hiyo kwa maumivu ya mwili. Ugomvi wa ardhi ya makazi ya Chepyuk, katika Mlima Elgon, ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force, SLDF, lililowatawala watu kwa bunduki kutoka 2006 hadi 2008. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba kundi hilo liliua zaidi ya watu 600, na makumi ya maelfu wakahama makwao. SLDF ilikuwa na mahakama zake na kodi zake. Mwalimu, mwenye duka na mkulima aliyekwisha kuvuna walitakiwa watoe. Ni rahisi kusema kwamba asiye na la kuficha haogopi kujulikana mfuko wake. Mwambie hivyo mtu aliyekuwa na duka Cheptais, huko Mlima Elgon, mwaka wa 2007. Pale, kujulikana una shilingi ngapi kulikuwa kujulikana ni kiasi gani cha kunyang'anywa, na asiyetoa alipoteza sikio au uhai.

Machi 2008 jeshi liliingia kwa Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na wavulana zaidi ya 3,000 walikusanywa vijijini. Wengi walipelekwa kambi ya Kapkota, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa nyuso ambao walitikisa kichwa au kukaa kimya. Human Rights Watch na mashirika ya Kenya yaliandika habari za mateso, vifo na watu ambao familia zao hazijawaona hadi leo. Kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huo, na watu wa mlimani wakapata usingizi. Hilo sitalificha, kwa sababu wenyeji wenyewe hulisema. Lakini wanalisema pamoja na majina ya waliopotea. Operesheni ile ilianza kwa kumshuku kila mwanamume wa mlimani, na orodha ikatengenezwa baadaye kwa kutikisa kichwa. Mashine inayopekua miamala yote ya eneo zima kutafuta wanunuzi wa silaha hufanya jambo lile lile kwa utulivu zaidi, na aliyeonyeshwa kidole hana hata uso uliofunikwa wa kuukumbuka.

Trans Nzoia ina kumbukumbu ya zamani zaidi. Wakati wa walowezi, mashamba ya Kitale yalifanya kazi kwa jasho la watu waliovaa kipande shingoni. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndani ya kikopo cha chuma mlikuwa na karatasi yenye jina, alama ya kidole, mwajiri na mshahara. Mlowezi mpya alisoma mshahara uliotangulia, akajua asipandishe. Mfanyakazi aliyetoroka shamba alitafutwa kwa karatasi hiyo hiyo. Ilikuwa taarifa ya fedha ya mtu maskini iliyobebwa na maskini mwenyewe kwa manufaa ya wengine, na wazee wetu waliipinga hadi ikaondolewa.

* * *

Kwenye karatasi, leo tumelindwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya habari za familia yake na mambo yake binafsi kutotakiwa wala kufichuliwa bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019. Hata hivyo, kifungu cha 51 cha sheria hiyo kinaacha nje shughuli zinazohitajika kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma, na maneno hayo ni mapana kiasi cha kupitisha lori. Oktoba 2024 gazeti la Nation lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba vyombo vya usalama vilikuwa vikipata data za wateja wa Safaricom kwa njia zisizofuata utaratibu wa mahakama. Kampuni ilikanusha, ikasema hutoa data kwa amri ya mahakama tu. Mwananchi wa kawaida hana njia ya kuhakiki upande wowote, na hapo ndipo penye ubaya: sheria yetu haimlazimishi yeyote kuja baadaye kumwambia mtu kwamba rekodi zake zilifunguliwa, na kwa nini.

Mwaka wa 2025 Mswada wa Fedha ulikuja na kipengele cha kufuta kinga iliyoizuia Mamlaka ya Mapato, KRA, kudai data binafsi za wateja kutoka kwa kampuni. Kamati ya Fedha ya Bunge ilikikataa baada ya wananchi na mashirika kupiga kelele. Sababu iliyotolewa kukitetea ilikuwa kodi, si bunduki. Lakini mlango ukishafunguliwa kwa sababu moja hauulizi sababu ya anayefuata. Data iliyokusanywa kutafuta wakwepa kodi inaweza kutumika kutafuta waandamanaji, na iliyokusanywa kutafuta wanunuzi wa silaha inaweza kutumika kujua ni nani aliyemchangia mgombea gani wa udiwani. Mwaka wa 2019 mteja mmoja wa Safaricom alifungua kesi Nairobi akidai data za watu wapatao milioni 11.5 wanaobashiri michezo zilikuwa zimevuja, pamoja na viwango vyao vya kamari. Hakuna aliyekuwa akitafuta bunduki hapo. Lundo likishakuwapo, litapata wa kulichakura.

Ninachokitetea ni utaratibu wa zamani na wa kuchosha: mpelelezi aende kwa hakimu na jina la mtu mmoja, aeleze kwa kiapo anamshuku kwa nini, apewe rekodi za muda uliotajwa, na mtu huyo aje aarifiwe uchunguzi ukiisha. Wapelelezi watasema unawachelewesha. Unawachelewesha kweli. Lakini kuna njia nyingine ya kuzifikia bunduki za kaskazini, fupi zaidi, isiyopita kwenye simu ya mtu yeyote.

* * *

Bunduki hudumu miaka 40. Iliyotoka Moroto mwaka wa 1979 bado inapiga ikitunzwa. Risasi hazidumu hivyo: zikipigwa zimekwisha. Mvamizi anahitaji nyingine kila msimu, na bila hizo silaha yake ni fimbo nzito. Kwa hiyo anayetaka kujua uvamizi unalishwa na nani aziangalie risasi kwanza.

Mtafiti mmoja alifanya hivyo. Mwaka wa 2008 Small Arms Survey ilichapisha kazi ya James Bevan kutoka Turkana Kaskazini. Alichokisoma kilikuwa alama zilizogongwa kwenye kitako cha ganda la risasi, zinazotaja kiwanda na mwaka. Akahitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka kinyume cha sheria katika wilaya ile zilitoka kwa polisi wa Kenya. Sehemu yake walipewa wafugaji kwa makusudi, wajilinde dhidi ya wavamizi kutoka Uganda na Sudan, mahali ambapo serikali haikufika. Nyingi zilikuwa na alama ya kiwanda cha serikali cha Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation. Kutoka Kipsongo hadi Eldoret ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Familia zilizokimbilia Kitale zilikuwa zimekuja kuishi jirani na kiwanda kilichotengeneza baadhi ya risasi zinazopigwa kule walikotoka.

Tangu hapo tumefanya operesheni nyingi. Aprili 2019 serikali iliwanyang'anya silaha polisi wa akiba wa kaskazini, wale wenyeji wanaowaita homgadi, na vijiji vikabaki uchi mbele ya wavamizi ambao hawakunyang'anywa. Februari 2023 ikaja Operesheni Maliza Uhalifu katika kaunti sita za Bonde la Ufa Kaskazini. Raia wamepekuliwa, nyumba zimepekuliwa, mazizi yamepekuliwa. Ghala za silaha za vituo vya polisi hazijawahi kufanyiwa operesheni yenye jina.

Brazil ilichukua njia tofauti. Sheria yake ya silaha ya mwaka wa 2003 inataka risasi zinazouzwa kwa vyombo vya dola zigongwe kwenye kitako nambari ya shehena, ili ijulikane nani alizinunua. Machi 2018 diwani wa Rio de Janeiro, Marielle Franco, alipouawa kwa risasi ndani ya gari pamoja na dereva wake, maganda yaliyookotwa barabarani yalikuwa na alama UZZ-18. Siku chache tu baadaye ilijulikana kwamba shehena hiyo ilikuwa imeuzwa kwa Polisi wa Shirikisho mwaka wa 2006. Hakuna akaunti ya benki iliyofunguliwa ili kufikia hapo, wala simu ya mtu iliyopekuliwa. Ganda la shaba lilisema limetoka wapi, na aibu ikaenda kwa mwenye ghala. Haikutosha peke yake kumtia mbaroni muuaji. Hilo lilichukua mwaka na upelelezi mwingine. Lakini iliwalazimisha wakubwa wa polisi kujibu swali ambalo huku kwetu hawaulizwi.

Kenya ina kiwanda chake. Haiombi ruhusa ya Visa wala ya bunge la Texas kugonga nambari ya shehena kwa kila kituo: Kapenguria yake, Lodwar yake, Cheptais yake. Askari anayetoka doria hutia sahihi kitabu cha ghala kwa bunduki na idadi ya risasi alizopewa, na anaporudi anatakiwa azirudishe au aeleze. Mama wa Kipsongo aliyetoa shilingi 200 kwa wakala alitia sahihi pia, na kitabu chake kililazwa wazi juu ya kaunta kila aliyetaka akione. Kile cha risasi hukaguliwa na polisi wenyewe kwa wenyewe.

Mswada wa Fedha hufika bungeni kila mwaka kabla ya Aprili kuisha, na kamati hupokea maoni ya mtu yeyote kwa maandishi, hata ya mstari mmoja kwa Kiswahili. Kipengele cha KRA kilichokataliwa 2025 kinaweza kurudi kwa maneno mengine, na anayeishi Kitale au Bungoma ana haki ya kuandika barua ya kukipinga kabla hakijapita. Katika barua hiyo hiyo anaweza kuuliza lini matokeo ya ukaguzi wa ghala za risasi za kaunti yake yatawekwa wazi, ngapi zilitoka kiwandani, ngapi zilipigwa mazoezini, ngapi zimebaki.